Noah nyeusi ya Keshero: kuosha gari Goma kwa franga kidogo bila kumaliza rangi yake

Kisa hiki ni cha gari moja, Toyota Noah nyeusi ya jirani yangu wa Keshero, upande wa magharibi wa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Asubuhi linabeba wanafunzi. Mchana linakodiwa na abiria kati ya Birere na Katindo. Jumamosi linaingia kwenye msafara wa ndoa, na hiyo ndiyo kazi inayolipa vizuri kuliko zote. Ndiyo pia inayodai gari ling'ae, kwa sababu hakuna familia inayokubali bibi harusi ashuke kutoka kwenye gari lenye vumbi.

Mimi ni toliye. Kazi yangu ni kunyoosha bati, kupaka mastiki na kupiga rangi. Jirani alikuja gerejini kuniuliza bei ya kupaka gari zima upya, maana milango na kapo (boneti) vilikuwa vimefifia vikawa na ukungu wa kijivu ambao polishi ya kawaida haikuuondoa. Alishangaa. Gari halikuwa limegongwa, wala halilali juani, na alikuwa analiosha mara nyingi kuliko mtu yeyote wa avenyu yetu. Kwa miezi mingi alikuwa amezunguka mji akitafuta mahali pa kuoshea kwa bei nafuu, na aliamini amepapata.

"Fundi, niambie tu bei ya kupiga rangi yote," alisema.

"Papa, kabla ya bei, ngoja kwanza nipande nione paa."

Nilianzia paani kwa sababu ya desturi ya kazi. Rangi ikichoka kwa jua na mvua, paa ndilo linalotangulia kufa, maana linapigwa tangu asubuhi hadi jioni. Kwetu kuna jambo la zaidi: moshi wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, unaifanya mvua iwe na asidi, na kila mwenye nyumba hapa anajua jinsi mabati yanavyoshika kutu mapema. Kama jua na mvua vingekuwa ndivyo vilivyoila Noah, paa lingekuwa limekwisha. Lakini paa lilikuwa zima. Verni yake, ile tabaka angavu inayokaa juu ya rangi, ilikuwa bado inaakisi mawingu. Ubovu ulianzia chini ya usawa wa bega la mtu mzima ukashuka hadi katikati ya milango, ukajaa kwenye kapo, na ulikuwa wa mikwaruzo midogo ya mviringo, maelfu kwa maelfu, iliyopandana. Mahali mkono wa mtu haufiki, rangi ilikuwa salama. Mahali mkono unafika kwa urahisi, rangi ilikuwa imesagwa.

Kwa hiyo swali la kupiga rangi likawekwa kando. Tukaanza kuchunguza mikono yote iliyogusa gari lile.

Vumbi tulilo nalo

Huwezi kuzungumzia kuosha gari Goma kama unavyolizungumzia mahali penye udongo mwekundu wa kawaida. Vumbi letu ni jiwe la volkano lililosagwa na matairi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ikaingia katika ziwa Kivu, na mitaa mingi ilijengwa tena juu ya jiwe hilohilo. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama upande wa Buhene, kwenye ukingo wa kaskazini wa mji. Kila gari linalopita kwenye barabara isiyo na lami linasaga kidogo cha jiwe hilo na kukirusha hewani.

Chembe za vumbi hilo zina kingo kali, na nyingi zina ugumu wa kioo au kuuzidi. Verni ya gari kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu, yaani chukua milimita moja uigawe mara ishirini au zaidi. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi letu, umepitisha karatasi ya msasa. Nasema hivi kama mtu anayetumia msasa kila siku na anayejua unavyofanya kazi: hautoi sauti kubwa, hauonyeshi jeraha siku ya kwanza, unapunguza tu.

Shida ya pili ni maji. Mji wetu hauna mto. Mvua ikinyesha inazama katikati ya mawe ya lava, na kuchimba kisima kwenye jiwe lile si kazi ya mtu wa kawaida. Maji ya REGIDESO, shirika la maji la serikali, yanapampiwa kutoka ziwani, na parseli (viwanja vya nyumba) nyingi hazina robini (bomba), au zina robini isiyotoa maji siku nzima. Watu wanabeba bidoni za lita 20 kichwani, mgongoni, kwenye chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili. Mama na watoto ndio wanaobeba nyingi kuliko wote. Kwa hiyo mtu anayemwagia gari maji ovyo anamwaga kitu ambacho nyumba ya pili imekitembelea mbali.

Ndiyo maana katika uchambuzi huu ninahesabu kwa bidoni. Bei ya franga inapanda na kushuka na dola, na bei ya bidoni yenyewe inabadilika robini zikikauka. Bidoni ina lita 20 leo, na itakuwa na lita 20 mwakani.

Njia alizopitia

Alianza na lavaji, yaani mahali pa kuoshea magari, kando ya lami, yenye mashine ya Kärcher inayorusha maji kwa nguvu. Pale gari linatoka safi kweli, hata chini. Lakini bei yake inabeba vitu vingi kwa pamoja: maji yanayoletwa na lori, mafuta ya jenereta, kodi ya kiwanja, mishahara. Kwa bei aliyokuwa analipa jirani kwa Noah, ambayo inahesabiwa kubwa kuliko gari dogo, angeweza kununua bidoni zaidi ya ishirini mtaani kwake. Mara mbili kwa wiki, hilo lilikula sehemu kubwa ya faida ya wanafunzi.

Akahamia kwa vijana wenye ndoo. Hawa wanakaa kandokando ya barabara, wana ndoo, sabuni ya unga, kitambaa na nguvu. Bei yao ni ndogo. Shida ni kwamba maji ya ndoo moja yanapita gari la kwanza, la pili na la tatu, na kitambaa kilichosugua rimu ndicho kinachopanda kwenye kapo. Sikuwalaumu nilipowaona, na sitaki msomaji awalaumu. Jirani alipomuuliza mmoja kwa nini habadilishi maji, kijana alijibu kwa heshima: "Papa, maji iko nguvu kupata siku hizi. Ukitaka nibadilishe kila gari, utaongeza franga?" Jibu hilo lina ukweli wote wa biashara yake. Bei anayolipwa inatosha ndoo moja. Anayetaka ndoo tatu kwa bei ya moja anamwomba kijana amlipie maji.

Halafu ikaja njia ya ziwani. Mtu anashusha gari hadi ufuoni, anawapa watoto wawili franga kidogo, maji ni ya Mungu. Jirani aliipenda sana, na ndiyo aliyoiita nafuu. Hapa lazima nikae kidogo.

Kwanza, kwa upande wa rangi. Maji ya Kivu ni ya magadi, na yana madini mengi yaliyoyeyuka kutoka kwenye chemchemi za volkano zilizo chini ya ziwa. Yakikauka juu ya bati jeusi yanaacha madoa meupe, na madoa hayo yakipikwa na jua mara kwa mara yanang'ang'ania kwenye verni. Watoto wa ufuoni hawakaushi gari. Wanamwaga maji, mwenye gari anawasha injini na kupanda nalo likiwa limelowa, na vumbi la barabara ya kupandia linanata juu ya unyevu. Anafika nyumbani na gari lenye tabaka jipya la msasa, tayari kufutwa.

Pili, na hili linaniumiza zaidi ya rangi. Mita chache kutoka hapo gari linaposimama, mama anazamisha bidoni ya maji ya kupikia. Mafuta ya injini, mazutu (dizeli), sabuni, vumbi la breki, vyote vinashuka kwenye maji yaleyale. Mji huu unakijua kipindupindu. Mwaka 1994 kiliua watu kwa maelfu hapa, na bado kinarudi rudi katika mitaa inayochota maji ziwani bila kuyatibu. Gari si ndilo linaloleta kipindupindu, lakini kila uchafu tunaoongeza pale mama anapochotea unamnyima maji ambayo angalau yangekuwa rahisi kusafisha. Nilimwambia jirani waziwazi kwamba ya ziwani sitamsaidia kuihesabu, hata ikiwa ya bure kabisa. Alinyamaza. Siku zilizofuata hakulishusha tena.

Mkono ambao hakuuhesabu

Njia zote tatu zilikuwa na makosa, lakini hazikutosha kueleza yale niliyoyaona kwenye milango. Gari linalooshwa mara mbili kwa wiki halipati mikwaruzo mingi namna ile kwa muda mfupi. Kulikuwa na mkono mwingine.

Ulikuwa mkono wa sentineli, mlinzi wa nyumba. Mzee huyu ni mtu mwema, na amelinda parseli ile tangu watoto wakiwa wadogo. Nilipomuuliza nani analigusa gari asubuhi, alijibu kwa fahari: "Kila asubuhi mimi nafutaka, mbele patroni aamke." Alinionyesha kitambaa chake, kipande cha kikwembe cha zamani, kigumu kwa vumbi. Usiku mbichi wa Goma unalowesha vumbi lililotua juu ya gari. Alfajiri vumbi linakuwa uji mwembamba, linakauka nusu, na mzee anapita nalo kwa duara, kwa nguvu zake zote, kapo na milango na kioo cha nyuma. Paa la Noah ni refu kumzidi. Halifikii. Ndiyo maana paa lilikuwa zima.

Hapa ndipo kisa kilipogeuka. Jirani alikuwa anatafuta mahali pa kuoshea kwa bei nafuu, akilinganisha lavaji na lavaji, wakati usafi uliomgharimu zaidi ulikuwa ule aliopewa bure, kila siku, na mtu anayempenda. Niliweka mezani bei ya kupiga rangi gari zima, nikamwonyesha ni lavaji ngapi za Kärcher zinaingia ndani yake. Hakuhitaji maneno mengine.

Kumwambia mzee aache ilikuwa kazi nyeti. Ukimwambia "unaharibu gari", umemvunja. Jirani alifanya vizuri: alimwita, akamwonyesha paa na kapo kwa pamoja, akamwomba sasa awe msimamizi, asiruhusu mtu yeyote kugusa gari kavu, hata yeye mwenyewe jirani. Mzee alilikubali jukumu hilo, na tangu hapo amekuwa mkali kuliko sisi sote.

Hesabu ya maji

Sasa tulibaki na swali la awali: gari la ndoa lazima ling'ae, franga ni kidogo, na maji ni shida. Nikapiga hesabu.

Mpira wa bustani ukiachwa wazi unatoa kama lita 15 kwa dakika. Dakika ishirini ni lita 300, bidoni kumi na tano. Njia hiyo hapa kwetu haifai hata kuijadili. Mashine ndogo ya Kärcher inatoa kama lita 7 kwa dakika. Robo saa ya kubonyeza ni zaidi kidogo ya lita 100, bidoni tano. Watu wengi wanadhani mashine inakula maji kwa sababu ya kelele na nguvu yake, kumbe inakula kidogo kuliko mpira.

Njia niliyopendekeza inatumia pompa ya mgongoni, ile ya lita 16 ambayo wakulima wa Rutshuru na Masisi wanapulizia nayo viazi. Iwe mpya, haijawahi kubeba dawa ya magugu, kwa sababu mabaki ya dawa hayatoki kirahisi na mkono wa kijana ndio utakaoyashika. Pompa inatoa maji kama umande mzito. Unalowesha gari lote kutoka juu, unangoja vumbi lilegee, unapulizia tena mpaka maji yanayoshuka yapungue weusi. Jiwe linaondoka likielea, bila kusuguliwa. Hiyo ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo nusu ambayo vijana wa ndoo hawana nafasi ya kuifanya.

Baada ya hapo ndoo mbili. Moja ina maji ya sabuni, ya pili ina maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Kila ukifuta kipande kimoja, kitambaa kinaingia kwanza kwenye ndoo ya maji matupu, kinakamuliwa, ndipo kinarudi kwenye sabuni. Mchanga unakaa chini ya ndoo ya pili. Mkono unakwenda kwa mstari, kutoka mbele kwenda nyuma, bila duara. Kitambaa cha rimu na sehemu ya chini kina rangi yake na hakipandi juu hata siku moja. Mwisho unapulizia tena kwa pompa, unakausha kwa taulo safi.

Lita 16 za mwanzo, ndoo mbili za lita 10, lita 16 za mwisho: zote ni lita 52. Hata kwa mkono usio na uzoefu, bidoni tatu zinatosha Noah nzima.

Kuhusu sabuni niliongea kidogo. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, inaondoa nta yote inayolinda verni. Kinamama wengi wa mitaani kwetu wanatengeneza sabuni ya maji na kuiuza kwenye chupa za zamani. Vifuniko viwili au vitatu katika ndoo vinatosha, na pesa inabaki mtaani. Nta ya gari ipakwe mara mbili au tatu kwa mwaka. Na mazutu kwenye matairi, yale yanayofanya tairi ling'ae kama jipya siku ya ndoa, yaachwe kabisa. Mafuta yanavimbisha mpira na kuudhoofisha, na tairi ni ghali kuliko sherehe.

Pipa la mama

Bidoni tatu zitoke wapi? Mvua inatunyeshea sehemu kubwa ya mwaka, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Upande wa paa la jirani wenye mfereji wa bati una kama mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida, inaleta lita 600. Toa kinachomwagika na kile cha mwanzo unachokiachia kipite kwa sababu kimesafisha majivu na kutu ya mabati, bado mapipa mawili ya lita 200 yanajaa. Maji ya mvua hayana madini ya ziwa, kwa hiyo kwenye rangi nyeusi, kwa upande wa madoa, ni bora kuliko hata ya robini, ambayo asili yake ni ziwa hilohilo.

Nilikuwa naeleza haya uani kwa jirani, nikiwa nimeshika mfereji, mke wake aliposimama mlangoni.

"Shemeji," aliniambia, "hilo pipa halikuwekwa pale kwa ajili ya gari. Watoto wataoga na nini?"

Alikuwa na haki. Pipa lile moja lilikuwa linafulia nguo za nyumba nzima na kumpunguzia yeye na binti zake safari za robini. Mimi na mumewe tulikuwa tumepiga hesabu ya lita vizuri, tukasahau kuuliza lita hizo zinafanya kazi gani sasa. Mara nyingi ushauri wa kuokoa pesa ndani ya nyumba unahamisha mzigo kutoka mfuko wa baba kwenda shingo ya mama, na baba anaona amefaulu.

Suluhisho alilitoa mama mwenyewe. Anunue baba pipa la pili, liwekwe baada ya la kwanza, lipokee kinachofurika tu. La kwanza ni la nyumba. La pili ni la gari, na likiwa chini ya nusu, gari halioshwi kwa maji ya nyumbani. Baba ataenda kulipa lavaji. Pipa la pili lililipwa kwa pesa ya ndoa moja. Ningependa kila uchambuzi wa bei nafuu upitie kwa mtu anayebeba maji kabla haujaitwa mzuri.

Kijana

Kazi ya mikono alipewa kijana mmoja kati ya wale wa ndoo, yuleyule aliyejibu kuhusu maji. Jirani alitaka kwanza kumlipa nusu ya bei ya zamani, akisema maji sasa ni yake, pompa ni yake, sabuni ni yake, kijana analeta mkono tu. Hapo tulibishana. Unafuu wote wa mpango huu ulitoka kwenye maji ya mvua na kwenye rangi iliyoacha kusagwa. Hakuna hata franga moja iliyohitaji kutoka kwa kijana. Tena njia hii inachukua muda mrefu kuliko ya ndoo moja, na ukimlipa kidogo kwa kazi ndefu, atafanya unachokilipia: ataruka kulowesha, atarudi kwenye duara na haraka, na tutarudi kwenye msasa.

Mwishowe walikubaliana malipo ya mwezi, kwa hesabu ya ile bei ya ndoo bila kupunguza, kwa kuosha kamili kila Ijumaa jioni na kulowesha tu kwa pompa katikati ya wiki. Kulowesha tu kunamaliza vumbi kubwa bila kitambaa, na gari la wanafunzi halihitaji zaidi. Malipo yanapita kwenye M-Pesa. Hilo linaonekana dogo, lakini mwaka 2025 benki za mji zilipofungwa, noti ndogo zikawa taabu: zilizochanika zinakataliwa, chenji haipatikani, na kijana anaweza kuosha gari akaambiwa "utapata kesho". Malipo ya mwezi kwa simu yalimwondolea ugomvi huo.

Mara moja kwa mwezi Noah bado inapelekwa kwenye lavaji ya Kärcher, kwa ajili ya chini tu. Tope la barabara ya Sake linajificha kwenye matao ya magurudumu na kwenye viungo vya shasi, na pompa ya mgongoni haina nguvu ya kulitoa. Tunawaomba wasogeze mdomo wa mashine mbali na bati lenye jeraha, maana maji ya nguvu yakiingia chini ya verni iliyochanika yanaibandua, na wasilenge alteneta wala nyaya.

Yaliyotokea

Gari zima halikupigwa rangi. Nilipitisha polishi ya mashine kwenye milango, mikwaruzo mingi ikaondoka kwa kuwa ilikuwa haijavuka verni. Kapo halikuokoka, pale verni ilikuwa imekwisha kabisa, nikaliondoa, nikalipiga msasa na rangi na verni mpya. Hiyo ilikuwa sehemu ndogo ya bei aliyokuja kuniuliza. Baada ya misimu miwili ya mvua kapo jipya na paa la zamani bado vinafanana, na hilo ndilo jaribio ninaloliamini.

Kwa hesabu ya jirani mwenyewe, matumizi ya mwezi ya kuosha yamekuwa chini ya nusu ya yale ya wakati wa Kärcher mara mbili kwa wiki. Yanazidi kidogo yale ya wakati wa ziwani. Alikubali tofauti hiyo bila kulalamika.

Kisa hiki kina mipaka yake, na mwenye gari jingine asikichukue kizima kizima. Jirani ana paa la bati lake mwenyewe, ana ua wa kuegesha, ana pesa ya pipa. Mpangaji wa chumba kimoja Ndosho au Mabanga, mwenye taksi inayolala barabarani, hana hata kimoja kati ya hivyo. Kwake yeye sehemu inayohamishika ni ndogo lakini si haba: asifute kavu, na akienda kwa vijana wa ndoo, alipie ndoo ya pili kwa hiari yake na aje na kitambaa chake mwenyewe. Hata bidoni moja ya kuloweshea kabla ya kusugua inabadilisha mambo kuliko kifuniko cha ziada cha sabuni.

Kuna pia maji machafu. Uani kwa jirani yanazama kwenye mawe ya lava na hatuyaoni tena, lakini mawe hayo yana nyufa, na chini yake ni ziwa. Tumekubaliana kwamba injini haioshwi nyumbani, na matone ya mafuta chini ya gari yanafyonzwa kwa mchanga kabla maji hayajamwagwa. Ni kidogo. Parseli zikiwa nyingi, hiki kidogo hakitatosha, na mtaa utahitaji shimo la pamoja lenye kichujio cha mchanga. Nimeanza kulizungumza na mkuu wa avenyu.

Kiangazi bado hakijapatiwa jibu zuri. Kuanzia Juni hadi Agosti pipa la pili linakauka, vumbi linaongezeka, na ndoa nazo zinaongezeka kwa sababu ndiyo likizo ya watoto. Mwaka uliopita jirani alirudi kwenye lavaji kwa miezi hiyo, kijana akaendelea kulipwa nusu mwezi kwa kulowesha kwa bidoni moja ya kununua. Mwaka huu wenye magari watatu wa avenyu wanazungumza kununua maji ya lori kwa pamoja na kuyagawana na nyumba zao, kila mmoja akichangia kulingana na mapipa yake. Mama wa kwa jirani ameombwa ashike daftari la zamu, na ameshaweka sharti: jiko kwanza, kufua pili, magari mwisho.